Kabla ya Tingatinga Kuchimba Raila, Uliza Kilicho Chini

Mwanakandarasi anayeleta tingatinga katika kijiji cha Raila, Kibera, huja na ramani. Ramani hiyo huonyesha laini za Kenya Power na mabomba ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi. Haionyeshi mpira wa maji uliopitishwa chini ya kijia, wala waya wa stima ya sambaza uliofukiwa kina cha kiganja.

Kwa hivyo, kabla ya kuchimba, msimamizi atembee njia nzima pamoja na wazee wa kijiji, wauza maji na mafundi wa hapo. Wao ndio wanaojua laini ipi ilihamishwa juzi. Wenye laini za sambaza mara nyingi hunyamaza wakihofia kukatiwa, lakini mzee anaweza kuonyesha mahali waya ulipo bila kumtaja mwenyewe. Hata nyumba ilipobomolewa, bomba lake huenda bado liko ardhini.

Kifaa cha kutafuta kebo husaidia, ila hakigundui bomba la plastiki, na stima zikiwa zimepotea kinaweza kupita juu ya waya bila kulia. Palipo na shaka, chimbeni kwanza shimo la majaribio kwa sepetu, taratibu, bila kupiga mtaimbo. Laini ikionekana, meno ya tingatinga yakae angalau nusu mita kutoka hapo na sehemu iliyobaki imaliziwe kwa mkono. Kazi hii huchelewesha mradi, ni kweli. Siku zake ziwekwe kwenye ratiba tangu mwanzo ili vibarua wasisukumwe. Mtu mmoja pia asimame anapoonana na opereta, kazi yake iwe kuangalia mtaro na kuzuia watoto wasisogee.

Tingatinga likigusa waya wa stima, opereta abaki ndani ya kabini. Wengine wakae mbali, mita 10 au zaidi, hata kama hakuna cheche. Pigieni Kenya Power nambari 97771. Asishuke mpaka ithibitishwe kwamba umeme umekatwa. Mashine ikishika moto na hana budi kutoka, aruke miguu yote miwili pamoja, asiguse mashine na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua fupi za kuburuza miguu.

Bomba la maji likipasuka, kulifunga kwa mpira na kuendelea hakutoshi. Presha ikishuka, uchafu wa mtaroni huingia bombani na kufika kwenye mitungi ya watu wasio na habari. Hofu ya maji kuchanganyika na majitaka ni sababu mojawapo iliyofanya shirika la SHOFCO kupitisha mabomba yake juu ya nguzo katika sehemu za Kibera. Valvu ifungwe mara moja na wauza maji wa laini hiyo waambiwe wasiuze. Bomba likisharekebishwa, lisafishwe kwa klorini kabla ya maji kufunguliwa.