Mimi, Wewe na Yeye

Mwalimu akiuliza ndani ya kalasi: «Mimi ni nani?», watoto watajibu: «Wewe ni mwalimu.» Yeye amesema mimi, nao wamesema wewe, lakini mtu ni yule yule. Neno limegeuka kwa sababu msemaji amegeuka.

Jina la mtu hukaa naye siku zote. Mimi na wewe si majina ya namna hiyo. Ni kama kiti cha kinyozi: aliyekaa akiondoka, mwingine hukaa.

Anayesema huitwa msemaji. Hujitaja kwa mimi, na katika kitendo huweka ni-: ninakwenda. Anayeambiwa huitwa mwambiwa. Yeye ni wewe, na alama yake ni u-: unakwenda. Mtu anayetajwa tu ni yeye: anakwenda. Huyo wa tatu aweza kuwa mbali, au hata amekwisha kufa. Wale wawili wa kwanza hawana budi kuwapo, maana bila wao hakuna mazungumzo.

Msikilizaji si mwambiwa sikuzote. Baba akimwambia kaka: «Kata kuni», dada husikia pia, lakini amri si yake.

Katika barua tunao mwandikaji na mwandikiwa. Mwenye kupeleka maneno ya mwingine huitwa mjumbe, na kazi yake ni ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Mama mmoja wa pwani ya Ziwa Tanganika alishikwa na homa. Akamtuma mtoto wake kijiji cha pili: «Kamwambie mjomba wako: Nina homa kali, uje na mtumbwi, unipeleke hospitali.» Mtoto alikimbia huku akiyarudia maneno yale asisahau hata moja. Alipofika akasema: «Shikamoo, mjomba. Nina homa kali. Uje na mtumbwi, unipeleke hospitali.» Mjomba akamgusa kipaji cha uso. Akacheka. «Huna homa, mpwa wangu. Ni jasho la kukimbia. Rudi nyumbani ukapumzike.» Mama akangoja mtumbwi mpaka jua likachwa.

Mtoto hakusahau neno, ila hakugeuza msemaji. Ilimpasa kusema: «Mama ana homa kali, uje na mtumbwi, umpeleke hospitali.» Tazama: nina imekuwa ana, na unipeleke imekuwa umpeleke. Lakini uje haikugeuka, kwa sababu tangu mwanzo mwenye kuitwa ni mjomba. Au angalisema: «Mama anasema hivi: Nina homa kali.» Hapo mjomba angalijua ni homa ya nani.

Neno sisi nalo lina shida yake. Mtu akisema: «Sisi tumealikwa karamuni», mwambiwa hajui kama naye amealikwa. Watu wa Madagaska wana maneno mawili: isika ni sisi pamoja nawe, izahay ni sisi bila wewe. Kwa Kiswahili yafaa kuongeza: sisi sote, pamoja nawe, ama sivyo mgeni atavaa nguo nzuri bure.