Kilele Kimoja, Tafsiri Nyingi: Usomaji wa Data ya Fotoelektroni

Mhakiki wa fasihi hufundishwa kwamba tafsiri sharti ithibitishwe na matini yenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi kanuni hiyo inavyojitokeza katika spektroskopia ya fotoelektroni, taaluma iliyomfanya Kai Siegbahn wa Uswidi kutunukiwa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1981.

Katika mbinu hii, eksirei humulika uso wa kitu na kuzitoa elektroni katika atomu zake. Nishati ya elektroni hizo hupimwa na kuchorwa kama grafu yenye vilele. Mahali pa kilele hudokeza elementi iliyopo na hali yake ya kikemia. Kwa mfano, kilele kikuu cha metali ya titani huwa karibu na elektronivolti 454, ilhali cha dioksidi ya titani huwa karibu na 459.

Elektroni hizo hutoka katika tabaka la nanomita chache tu. Ili kufahamu yaliyo chini zaidi, mtafiti huuchimba uso kwa ayoni za argoni, kisha akapima tena na tena. Aghalabu vilele hupandana hadi vikaonekana kimoja. Hapo kompyuta hutumiwa kuvitenganisha, kwa kujumlisha vilele vidogo hadi jumla yake ifanane na data.

Ikumbukwe kwamba kila kilele kinachoongezwa huelekea kuboresha mfanano huo, hata kama hakina maana yoyote ya kikemia. Ndiposa mtafiti hujiwekea mipaka. Katika dioksidi, vilele viwili vya jozi ya titani huachana kwa takriban elektronivolti 5.7, na maeneo yao huwa na uwiano wa 2 kwa 1.

Aidha, ayoni za argoni huiondoa oksijeni na kuzua hali ya titani ambayo haikuwamo awali. Kilele chake, karibu na 457, ni cha kweli, lakini kimeletwa na uchimbaji wenyewe. Titani hupachikwa kwenye mifupa ya wagonjwa, na utando wa oksidi ndio unaoikinga isiliwe na kutu. Anayekisoma kilele hicho kama sifa ya utando ataudhania kuwa dhaifu bila sababu.

Kwa kuhitimisha, mfanano pekee haujawa ushahidi. Tafsiri inayostahili kuaminiwa, ya grafu au ya shairi, ni ile inayobainisha mapema ni nini kingeweza kuikanusha.