Wakitulipisha viza, nasi tuwalipishe? Ngoja kwanza tupige hesabu

Tuanze na hesabu kabla hasira hazijapanda.

Mkenya anayetaka kutembea Ufaransa, Ujerumani au nchi nyingine yoyote ya Schengen analipa euro 90 za viza. Hizo ni kama Sh13,500, na hapo hujagusa ada ya kampuni inayopokea fomu, bima ya safari inayofikia euro 30,000, karatasi za benki, wala nauli ya matatu ya kwenda na kurudi mara tatu kwa sababu picha yako ilikuwa na kivuli. Mjerumani anayekuja kuota jua Diani analipa dola 30 za eTA, ile idhini ya kuingia nchini. Sh3,900 hivi, pengine na kaada kadogo ka mtandao juu. Anaijaza kwa simu akiwa kitandani.

Sasa weka mishahara mezani. Mwaka 2025 kima cha chini Ujerumani kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Mtu anayeosha vyombo Berlin akifanya kazi saa mbili na dakika chache, ameshapata pesa za kuingia Kenya. Kibarua wa Nairobi, kima chake cha chini ni Sh16,000 na ushee kwa mwezi. Ili alipie viza ya Schengen peke yake, bila kula, bila kulipa kodi ya nyumba, atapiga kazi zaidi ya wiki tatu.

Ukiona hesabu hiyo, unaelewa kwa nini kila ada ikipanda huko nje, vijana mtandaoni wanapiga kelele moja: nasi tuwapandishie! Wakichaji 90, tuchaji 90. Wakitaka karatasi za benki, nasi tuwaambie walete. Mtalii apange foleni Upper Hill saa kumi na mbili asubuhi akiwa amebeba faili la kaki, ajue uchungu. Kusema kweli, picha hiyo inanichekesha na inanipoza roho. Lakini kuna nchi zimeshajaribu jino kwa jino, na matokeo yake si yale unayodhani.

Brazil ndio mabingwa. Wao wanaamini kwamba ukimdai raia wao viza, na wako atadaiwa. Mwaka 2019, chini ya Rais Bolsonaro, waliwafungulia mlango raia wa Marekani, Canada, Australia na Japan bila kudai kitu. Lula aliporudi, serikali yake ikauliza: mbona sisi tumefungua na wao wamefunga? Japan ikakubali kuwaondolea Wabrazil viza, ikabaki huru. Wale wengine watatu, kuanzia Aprili 10, 2025, wakarudishiwa viza ya takriban dola 81. Ona walivyofanya: aliyekubali kuelewana naye hakulipishwa.

Argentina ilikuwa na mtindo mwingine. Kwa miaka kadhaa Mmarekani alilipa dola 160 kabla ya kuingia, na hawakuificha sababu. Ada yenyewe iliitwa ada ya kulipizana, kiasi kilekile Mwargentina alichokuwa akitozwa ubalozini kuomba viza ya Marekani. Mwaka 2016, wakati Obama anaenda Buenos Aires na nchi inatafuta watalii kwa udi na uvumba, wakaifuta kwa Wamarekani. Waargentina wakaendelea kuomba viza kama kawaida. Hapo nani alishinda?

Afrika nayo haijalala. Namibia, kuanzia Aprili 1, 2025, iliwawekea viza raia wa nchi zaidi ya 30, wakiwemo Waingereza, Wajerumani na Wamarekani, kwa sababu nchi hizo haziwafungulii Wanamibia. Ni dola 1,600 za Namibia kwa wasio Waafrika, kama dola 90 za Marekani. Majirani zetu Tanzania wana yao ya siku nyingi: wageni wengi wanalipa dola 50, lakini Mmarekani anatoa 100. Na Mmarekani anatoa tu, kwa sababu aliyejipanga kuona Serengeti hawezi kurudi nyumbani kwa ajili ya dola 50 zaidi.

Halafu kuna Mali. Hii ndiyo inayopendwa na vijana wa jino kwa jino, na wana haki. Agosti 2025 Marekani ilianzisha dhamana ya viza: ukiomba viza ya matembezi, unaweza kuambiwa uweke kati ya dola 5,000 na 15,000, urudishiwe ukitoka kwa wakati. Walianza na Malawi na Zambia. Oktoba orodha ikarefuka, na Tanzania ikaingizwa. Mali nayo ilipowekwa, ikajibu papo hapo: Mmarekani anayetaka kuja Bamako naye aweke dhamana kama hiyo. Kabla Oktoba haijaisha, Marekani ikaitoa Mali kwenye orodha. Noma!

Sasa wewe utaniambia, si Kenya nayo ifanye hivyo? Hapo ndipo tunapoachana, ndugu yangu. Mali siyo nchi ambayo Wamarekani wanamiminika kwenda kupiga picha za simba. Haikuwa na watalii wa kupoteza. Sisi tunao. Nyuma ya kila mgeni anayeshuka JKIA kuna dereva wa gari la safari, mama anayeuza shanga Sekenani, kijana wa boti Watamu, mpishi, mwosha shuka, na yule jamaa wa Mtwapa anayefundisha watu kuteleza juu ya mawimbi kwa kite. Hawa wengi ni wa rika letu.

Na hatubahatishi, tulishaiona. Baada ya ghasia za uchaguzi, hoteli za Pwani zikiwa tupu na uchumi wa dunia ukiyumba, Kenya mwaka 2009 iliipunguza ada ya viza ya watalii kutoka dola 50 hadi 25. Hata watoto wa wageni wakaingia bure. Ni hadi 2011 ndipo ilirudi 50. Serikali inayopenda pesa kama yetu haikati bei kwa nusu kwa sababu ya upendo. Ilikuwa imebanwa. Nchi inayouza likizo inaweka bei yake ikitazama jirani: ukijipandisha sana, mtalii anakwenda Zanzibar, au Cape Town, na bahari huko pia ni ya bluu.

Ulaya hawana shida hiyo kwetu. Wakipandisha, watu bado wanapanga foleni. Ada ya Schengen ilikuwa euro 60, ikawa 80 Februari 2020, ikawa 90 Juni 2024, na sheria yao inasema iangaliwe upya kila baada ya miaka 3. Sababu wanazotoa ni gharama ya maisha na mishahara ya watumishi wao. Tena wameifanya bei kuwa fimbo: Gambia iliposemekana haishirikiani kuwapokea raia wake waliofukuzwa Ulaya, mwishoni mwa 2022 ikapandishiwa hadi euro 120, ikashushiwa 2024 ilipoonekana imelegeza. Mwanafunzi wa Banjul aliyetaka kwenda kongamano alikuwa analipa faini ya ugomvi wa mawaziri.

Mimi naona tunapigania kitu kisicho kiini. Euro 90 zinauma, sawa. Kinachochoma zaidi ni kulipa na kunyimwa.

Nina rafiki, mcheza densi kutoka Kayole. Kundi lao lilialikwa tamasha moja Ulaya, mwenyeji akaahidi malazi na chakula, viza wajitafutie. Walichanga. Mmoja aliuza spika yake. Watu watano, watano wakanyimwa. Majibu yao yalikuwa karatasi yenye vijisanduku, na kwenye kila karatasi kisanduku kilekile kimetiwa alama: kuna shaka kama utaondoka baada ya muda wako kuisha. Hakuna aliyewauliza swali lolote ana kwa ana. Pesa hazikurudi, kwa sababu hazirudi kamwe. Unalipia kufikiriwa, haulipii viza. Kundi halijavunjika lakini spika haijanunuliwa tena, kwa hivyo mazoezi ni ya kuazima.

Watafiti wa LAGO Collective walipiga hesabu kwamba mwaka 2023 pekee maombi ya Schengen yaliyokataliwa yaligharimu waombaji kama euro milioni 130. Hizo ni pesa za watu ambao hawakwenda kokote. Kama kuna mahali pa kuwabana Wazungu, ni hapo. Serikali yetu ingekuwa na makali, ingeketi na Brussels iseme: ukimkataa mtu, mrudishie nusu. Hakuna mtalii atakayekosa Diani kwa sababu ya mazungumzo hayo.

Tena mazungumzo yanafanya kazi, ila polepole. Mwaka 2014 Afrika Kusini ilituwekea masharti magumu ya viza, Kenya ikajibu kwa kutangaza kwamba nao wataomba na kulipa. Tukalipizana, tukanuna. Miaka ikapita, Mkenya akaendelea kusota na makaratasi huku wao wakiingia kwetu kwa raha kuliko sisi kwao. Novemba 2022 Ramaphosa akaja Nairobi, akakaa na Ruto, na kuanzia Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Kilichofungua mlango ni makubaliano, pamoja na utaratibu wa kuwarudisha wanaokiuka masharti. Ilichukua miaka minane.

Na kama tunataka kuongea haki, tuanze hapa nyumbani. Desemba 2023 rais alitangaza kwamba Kenya haitamdai tena mtu yeyote viza, dunia ikapiga makofi. Januari 2024 eTA ikaanza, na kumbe kuna Waafrika waliokuwa wakiingia bure ambao sasa walitakiwa walipe dola 30. Mzungu aliyekuwa analipa 50 akapunguziwa, Mmalawi aliyekuwa halipi chochote akaongezewa. Jino kwa jino hilo lilikuwa la nani? Ilibidi hadi Januari 2025 baraza la mawaziri likubali kuwaondolea karibu Waafrika wote isipokuwa wa Somalia na Libya, kwa sababu za kiusalama. Rwanda, Benin, Gambia na Ushelisheli walikuwa wameshawafungulia Waafrika wenzao bila kelele.

Kwa hivyo ukiwa na hamu ya kuvuka mpaka na mfuko wako ni wa kijana, usianze na foleni ya ubalozi. Kigali, Cape Town na Dar hawakudai viza. Ukivuka kwa basi la Kampala kupitia Busia, kitambulisho kinatosha.

Ila ukitaka kwenda mbali zaidi ya hapo utahitaji pasipoti, na hiyo ilikuwa Sh4,500 hadi Machi 2024. Leo ile ndogo ya kurasa 34 ni Sh7,500. Hii haikupangwa Brussels wala Washington. Ni Nyayo House, na hapo hatuwezi kumlipizia mtu.