Fahamu: Unavyoweza kuuza kupitia WhatsApp bila kuwachosha wateja

WhatsApp Business, programu ya bure iliyozinduliwa mwaka 2018, imekuwa duka la pili kwa wauza mitumba, mama lishe na mafundi wengi. Lakini kuwa nayo hakutoshi.

Uanzie wapi? Jaza wasifu wa biashara: mahali ulipo, saa za kufungua na unachouza. Weka bidhaa kwenye katalogi, kila moja na picha yake halisi na bei. Usimlazimishe mteja kuja "inboksi" kuuliza bei. Wengi huondoka kimya.

Nani ataona stetasi yako? Kwa kawaida, ni watu mliohifadhiana namba tu, na stetasi yenyewe hutoweka baada ya saa 24. Hivyo kila unapouza, mwombe mteja ahifadhi namba yako, nawe uhifadhi yake.

Sheria inasemaje? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Namba ya mteja ni taarifa yake binafsi. Omba ridhaa kabla ya kumtumia matangazo, na akikataa, acha.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: tangazo humleta mteja mara moja, huduma njema humrudisha.