Ganzi au nusukaputi katika upasuaji wa kope

Mtu mzima akiambiwa kwamba kope yake itapasuliwa, mara nyingi huuliza kwanza: nitalazwa usingizi, au nitakuwa macho? Wengi hudhani jibu linategemea ujasiri wa mgonjwa. Sivyo. Linategemea aina ya upasuaji, umri na afya ya anayepasuliwa, pamoja na wataalamu na vifaa vilivyopo.

Ganzi ni dawa inayozuia mishipa ya fahamu ya sehemu moja ya mwili isipeleke taarifa ya maumivu kwenye ubongo. Mgonjwa hubaki na fahamu zake zote. Nusukaputi ni usingizi mzito unaoletwa na dawa za kuvuta au za kuchomwa mshipani; mgonjwa hupoteza fahamu, na mtaalamu wa usingizi husimamia upumuaji wake hadi azinduke. Nusukaputi kwa etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Ganzi ya jicho ilikuja mwaka 1884, Karl Koller wa Vienna alipoonyesha kwamba matone ya kokeini hulifanya jicho lisihisi maumivu. Leo dawa inayotumika sana ni lidokaini.

Kwa kope, daktari huchoma sindano nyembamba chini ya ngozi na kuingiza lidokaini kiasi cha mililita 1 au 2, mara nyingi ikiwa imechanganywa na adrenalini kidogo. Dawa ikiingia huchoma kama pilipili kwa muda mfupi, kisha maumivu hupotea. Adrenalini hubana mishipa ya damu ili kidonda kisivuje sana, lakini huchelewa kufanya kazi kuliko lidokaini yenyewe, kwa hiyo daktari makini husubiri kama dakika 10 kabla ya kukata. Mgonjwa ataendelea kuhisi kuguswa na kuvutwa. Asipoambiwa hilo mapema, atashtuka akidhani ganzi haijashika.

Uwezo wa ganzi unaonekana wazi kwenye trakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita vikope. Maambukizi yakijirudia kwa miaka mingi, kope ya juu hupata makovu, hupinda kwa ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila mgonjwa anapopepesa. Upasuaji wa kuigeuza kope hiyo ni nguzo ya kwanza ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma, nao hufanywa kwa ganzi. Wauguzi na matabibu waliofunzwa huufanya hata katika vituo vidogo visivyo na mtaalamu wa usingizi. Kama ungehitaji nusukaputi, bibi wa Kongwa, mkoani Dodoma, angelazimika kuifuata hospitali kubwa, na wapo ambao wangepofuka wakingoja nauli.

Kope iliyolegea ina sababu nyingine ya kupendelea ganzi. Hapo daktari anamhitaji mgonjwa aliye macho. Humwambia, "Fumbua macho, tazama mbele," pengine humketisha, kisha hulinganisha kope mbili kabla ya kufunga nyuzi. Hata hivyo, ganzi nayo inaweza kumdanganya: adrenalini huchochea msuli mdogo unaoinua kope, na lidokaini ikizidi huulegeza ule mkubwa. Ndiyo maana kipimo huwa kidogo.

Mtoto mdogo hawezi kutulia, wala si haki kumtaka atulie. Kope yake ikiziba mboni, kungoja akue kuna hatari, kwa sababu ubongo unaweza kuzoea kutolitumia jicho hilo. Huyu hupewa nusukaputi. Vivyo hivyo kwa mtu mzima asiyeweza kufuata maelekezo, au upasuaji unaoingia ndani ya tundu la jicho. Gharama ya nusukaputi ni kufunga chakula kwa saa 6 au zaidi, mzigo kwa moyo na mapafu, na kikohozi cha kuzinduka kinachoweza kuamsha damu kwenye kidonda.

Iko njia ya kati: ganzi pamoja na dawa ya kutuliza. Inawafaa wenye hofu, lakini oksijeni ya puani ikiwa karibu na kifaa cha umeme cha kuzibia mishipa ya damu inaweza kuwasha moto usoni. Ni lazima isimamishwe au ipunguzwe kwanza.

Kwa mtu mzima anayeweza kulala chali na kutulia kwa saa moja, basi, ganzi ndiyo chaguo la kwanza, na anayependekeza nusukaputi ndiye anayepaswa kueleza sababu. Kwa mtoto, mambo hugeuka. Ewe unayejiandaa, mwambie daktari kuhusu kikohozi, presha na dawa zako zote, hasa zinazozuia damu kuganda, wala usiziache bila ushauri wake. Na baada ya upasuaji, ukipata maumivu makali yanayozidi nyuma ya jicho, au ukiona giza, rudi hospitali usiku huohuo.