Basi au Treni kwa Abiria wa Mbinga na Mbamba Bay?
Mabasi yaendayo haraka, yaani mabasi makubwa yanayopita katika njia maalumu isiyoingiliwa na magari mengine, yalianza Dar es Salaam mwaka 2016, ilhali reli nyepesi, ambayo ni treni ndogo ya umeme ya mjini, hugharimu zaidi kujengwa na huhitaji abiria wengi kutwa nzima. Mifumo hiyo miwili ni ya miji yenye abiria wengi; lakini kati ya Mbinga na Mbamba Bay, ambako lami ya kilomita 66 hushuka kwa kona kali hadi Ziwa Nyasa, wasafiri ni wakulima wa kahawa na wachuuzi wenye matenga ya usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo. Kwa kuwa reli inayopangwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay inalenga hasa mizigo, yakiwamo makaa ya mawe na chuma, wanachostahili wasafiri hawa sasa ni basi la kawaida lenye ratiba ya kuaminika na nafasi ya matenga yao.