Kiangazi cha Komanda: miezi mitatu inayoamua mwaka mzima



Mtu akisimama kwenye njia panda ya Komanda mwezi wa kwanza, pale barabara ya Bunia, ya Beni na ya Mambasa zinapokutana, hahitaji kalenda. Vumbi limekaa juu ya majani ya migomba. Asubuhi ukungu na moshi vinachanganyika hata huwezi kujua kipi ni kipi. Mbayuwayu, wale ndege wadogo wenye mkia kama mkasi, wanapita chini chini wakikamata wadudu, na jioni upande wa savana unaona moto unapanda kilima polepole. Wakati wa jua umeingia.

Wanachama wengi wanatuuliza juu ya nini jua letu linafika wakati Ulaya wanalia baridi na theluji. Ni jambo moja. Mwezi wa kumi na mbili jua liko upande wa kusini wa ikweta, na ukanda wa mvua hulifuata jua. Komanda iko kaskazini ya ikweta, kidogo tu, hata digrii moja na nusu haifiki. Kidogo hiyo inatosha: mvua inatuacha na kuteremka kusini. Ndiyo maana ndugu zetu wa Lubumbashi wako ndani ya matope wakati sisi tuko ndani ya vumbi. Kiangazi chao ni tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa. Na mbayuwayu hao wanakimbia baridi ile ile ya Ulaya. Wanakula wadudu wetu miezi michache, halafu wanarudi kwao kutaga mayai.

Kiangazi chetu si kikali. Hapa si Sahel. Kule Epulu, ndani ya Hifadhi ya Okapi, mvua ya mwaka ni karibu milimita 1.700, na hata katika miezi ya jua mvua hupungua tu, haikatiki kabisa. Ungefikiri basi hakuna shida. Kumbe shida iko hapo hapo: kiangazi ni kifupi, na kila mwaka kinafupika au kinarefuka bila kumwambia mtu, na ndani yake kuna kazi ambayo haiwezi kufanyika wakati mwingine.

Kazi hiyo mnaijua kutushinda. Unafyeka na kukata miti mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza. Unaacha miti na majani vikauke. Unachoma mwezi wa pili au mwanzo wa mwezi wa tatu, mbele ya mvua kubwa. Halafu karanga, mahindi, mpunga, na muhogo katikati yake. Kama mvua inawahi, miti inabaki mibichi, moto unalamba juu juu na kufa, na mkulima anapanda nusu ya shamba alilokata. Kama inachelewa, umechoma mapema na majivu yanapeperushwa na upepo.

Hapa tuseme ukweli wetu. Wakati tulitoka kwenye institut na kufika huku, tulikuwa na neno moja mdomoni: usichome. Tulilirudia kwenye mikutano yote. Watu walitusikiliza kwa heshima, wakatupatia chai, wakarudi kuchoma. Ilituchukua misimu miwili kuelewa kwamba kwenye shamba jipya la pori, majivu ndiyo mbolea ya kwanza: yanaleta potasi na fosfori, yanapunguza uchungu wa udongo, na joto linaua mbegu za magugu. Ni kweli pia kwamba moto unakula mboji na naitrojeni, na kwamba ukichoma mahali pale pale kila baada ya miaka miwili udongo unachoka. Mambo yote mawili ni kweli. Tulikuwa tumefundishwa moja.

Kiangazi kibaya unakisikia tumboni miezi mitatu mine baadaye. Watafiti Waamerika walioanza kukaa na Walese na Waefe wa pori la Ituri miaka ya 1980 walifuatilia jambo hili mwaka kwa mwaka. Waliona kwamba njaa inakuja mwezi wa tano na wa sita, chakula cha zamani kimeisha na karanga mpya hazijakomaa, na watu wanakonda kweli kweli kwenye mizani. Wakaona jambo lingine ambalo sisi tulipolisoma mara ya kwanza tulilisoma tena: katika njaa ile wanawake hawashiki mimba kama kawaida, na miezi tisa baadaye watoto wachache wanazaliwa. Maana yake, mvua ya mwezi wa pili iliyolowesha matawi yaliyokatwa unaweza kuipata hata ndani ya kitabu cha wakunga.

Wazee wa zamani hawakuwa na mizani lakini walijua. Ndiyo maana kiangazi hakikuwa cha shamba peke yake. Ba mama walikuwa wanafunga vijito maji yakipungua, wanateka yaliyobaki kwa vikapu na masufuria, wanaokota samaki na kaa ndani ya matope. Na katikati ya mwaka, njaa ikikaza, asali ya Bambuti ilikuwa inaingia vijijini, wao wakipata muhogo na ndizi. Majirani waliokosa kitu wakati mmoja walikuwa na kitu wakati mwingine. Leo vijito vingi karibu na barabara vimebaki na mchanga, na asali inauzwa kwa chupa sokoni kwa yule mwenye franga.

Ukiwauliza wazee mwaka gani ulikuwa na jua kali, hawakupi tarakimu. Watakuambia: kabla ya vita, au mwaka ule tulirudi kutoka Beni, au wakati barabara ilikuwa bado inapita gari ndogo. Hiyo pia ni kalenda, na tumeanza kuiandika. Ndani yake kuna mambo ya mbali na ya karibu.

La mbali kuliko yote liko kusini ya Komanda, ndani ya Mlima Hoyo. Katika pango la Matupi, miaka ya 1970, mwanaakiolojia Mbelgiji Francis Van Noten alichimba na kukuta vijiwe vidogo vilivyochongwa na watu zaidi ya miaka 40.000 iliyopita. Alikuta pia jiwe lenye tundu katikati, namna ya mawe ambayo mahali pengine Afrika watu walivika kwenye fimbo ya kuchimbia ili iwe nzito. Lakini kwetu maagronomu kitu kikubwa ni mifupa: wanyama walioliwa ndani ya pango wakati ule wengi walikuwa wanyama wa majani, si wa pori kubwa. Pale ambapo leo unatembea kwenye kivuli, palikuwa savana. Pori lilikuja baadaye, hali ya hewa ilipoloa. Mpaka kati ya pori na majani hapa kwetu, ule mtoto wa shule anaweza kuuvuka kwa miguu asubuhi moja, haujawahi kukaa mahali pamoja.

Wakati wa Wabelgiji vijiji vingi vilitolewa ndani na kupangwa kando ya barabara. Tangu hapo mashamba yanasongamana kando ya barabara hiyo hiyo, na udongo haupati miaka ya kupumzika kama zamani.

Halafu vita. Mwisho wa 2002 na mwanzo wa 2003 mapigano ya upande wa Mambasa yalisukuma watu kwa maelfu kuelekea Eringeti na Beni. Angalieni miezi hiyo: ni miezi ya kufyeka na kuchoma. Yule aliyekimbia mwezi wa kumi na mbili hakupanda mwezi wa tatu, na mwezi wa sita alikuwa bado anakula cha watu. Na usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa saba 2025, watu zaidi ya 40 waliuawa hapa hapa Komanda, wengi kanisani katika sala ya usiku. Hatutaandika zaidi juu ya usiku ule. Wanaosoma ukurasa huu waliwazika. Tunasema tu kuhusu shamba: mtu asiyeweza tena kulala kwenye kibanda cha shamba lake anafika saa tatu na kurudi saa nane, na kwa masaa hayo hawezi kukata eneo lile lile, wala kubaki kulinda moto mpaka ufe.

Na moto usiolindwa si ule wa zamani. Mzee mmoja wa sheferi ya Basili alituambia hivi: «Zamani tulikuwa tunachoma, moto inafika ku pori inakufa yenyewe. Sasa pori iko wapi?» Ndilo jambo lote. Pori bichi lilikuwa ukuta wa bure. Leo pembeni ya shamba lako kuna kichaka kikavu cha jirani, na nyuma ya kichaka kuna kakao ya mwingine. Muhogo ukiungua unapanda tena mwaka ule ule. Kakao ikiungua umepoteza miaka mitatu minne ya kungoja, na pengine deni juu yake.

Wale wanaofikiri tunatisha watu waulize Ghana. Kiangazi cha 1983 moto wa majani uliingia kwenye mashamba ya kakao ya nchi ile, ukaunguza sehemu kubwa sana, na msimu uliofuata mavuno ya nchi nzima yalianguka chini ya tani 160.000, nchi ambayo miaka ya 1960 ilikuwa ya kwanza duniani. Hata bila moto, kakao haipendi zaidi ya miezi mitatu yenye mvua chini ya milimita 100. Sisi tuko kwenye ukingo wa kipimo hicho. Kwa hiyo acheni miti ya kivuli, na msifagie majani yaliyoanguka chini ya kakao, yanashika unyevu. Ila pembeni kabisa ya shamba, kwenye mpaka, hapo yafagieni, juu majani hayo hayo ndiyo yanauita moto.

Kwa kuchoma, tunaomba hivi. Kabla ya kiberiti, fyeka na ufagie ukanda kuzunguka sehemu yote, mita tano kwenye majani mafupi, kumi mahali kuna kakao upande wa pili. Choma jioni upepo ukilala, si saa sita mchana, na uanzie upande ambao upepo unaelekea ili moto urudi nyuma polepole. Ambia majirani siku mbili mbele. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inakataza kuacha moto ambao haujazimwa, lakini hapa kijijini jirani anafika mbele ya sheria. Na kwa wale ambao usalama hauwaruhusu kubaki mpaka usiku: msichome peke yenu. Pangeni siku moja kwa mashamba yanayogusana, watu kumi na tano au ishirini pamoja, mapanga, matawi mabichi na bidoni za maji. Tunajua kwamba kukusanyika hivyo nako kuna hatari siku hizi, na kamati zinazojua hali ya njia ndizo ziamue, si sisi tulioko ofisini.

Bado daftari. Tangu mwezi wa kumi na mbili kila koperative imepewa moja lenye gamba gumu. Mwandishi wa koperative ndiye analishika. Siku ya kwanza mbayuwayu walionekana. Siku ya kwanza na ya mwisho ya kuchoma. Mvua ya kwanza iliyolowesha udongo kupita kiganja. Siku kumbikumbi walitoka. Siku ya kupanda karanga. Shamba likiungua, andikeni ukubwa na moto ulitoka upande gani, bila jina la mtu, maana daftari si la kesi. Ukurasa wa nyuma ni wa wazee: mwaka gani wa jua kali wanaukumbuka, na ni kitu gani kilitokea mwaka ule.

Wale wenye pluviometre wasome kila asubuhi saa moja, na wamwage maji baada ya kuandika. Mwaka uliopita tulikuta moja imegeuzwa chombo cha chumvi jikoni, na hatukukasirika, ni chombo kizuri. Tutapita na monitere kukusanya nakala juma la mwisho la mwezi wa tatu, kama barabara inaruhusu.